Mwenye Ufunguo wa Katiba ni Nani?

Kila askari, awe wa jeshi au wa polisi, hula kiapo kabla ya kukabidhiwa silaha. Huapa kuilinda nchi na kuitii katiba yake. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kujiuliza: katiba hiyo ikichakaa, ni nani mwenye haki ya kuifungua na kuitengeneza upya? Je, ni Bunge? Ni Serikali? Ni majaji? Au ni wananchi wenyewe? Na ikitokea watu wawili wakafika mbele ya lango la kambi, kila mmoja akidai kuwa yeye ndiye mkuu halali kwa mujibu wa katiba, askari wa zamu amfungulie yupi?

Mambo hayo si ya kubuni. Yalipata kutokea katika jimbo dogo la Marekani liitwalo Rhode Island mwaka 1842, na jibu lilitafutwa kwa mizinga. Leo katika jimbo hilo hilo, na katika majimbo mengine 13 ya nchi ile, swali la kuifungua katiba halingoji mizinga. Huandikwa juu ya karatasi ya kura, baada ya kila miaka kadhaa iliyohesabiwa, na kila mpiga kura hulijibu kwa Ndiyo au Hapana: je, uitishwe mkutano wa kuipitia katiba ya jimbo, au usiitishwe?

Katika makala hii tunakusudia kueleza desturi hiyo ilivyoanza, inavyoendeshwa, na kasoro zake. Tunaamini kuwa yeyote aliyevaa sare ya nchi yake atapata ndani yake jambo la kutafakari.

VIAPO VIWILI

Yafaa kwanza ieleweke kuwa Marekani haina katiba moja tu. Iko katiba ya Muungano, iliyoandikwa mwaka 1787, na kila jimbo kati ya majimbo 50 lina katiba yake. Katiba ya jimbo ndiyo inayohusu maisha ya kila siku ya raia: mahakama za jimbo, shule, kodi, serikali za miji na za wilaya, hata pensheni za watumishi. Hali kadhalika kila jimbo lina kikosi chake cha Ulinzi wa Taifa. Askari anayejiunga na kikosi hicho huapa kuzilinda katiba mbili, ya Muungano na ya jimbo lake, na kutii amri za Rais na za Gavana.

Katiba ya jimbo hubadilishwa kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni ya kutia viraka. Baraza la Kutunga Sheria la jimbo hupendekeza badiliko moja moja, na karibu kila mahali badiliko hilo hupelekwa kwa wapiga kura walikubali au walikatae. Njia ya pili ni kuitisha mkutano wa katiba, yaani kikao cha wajumbe waliochaguliwa kwa kazi hiyo peke yake, wenye ruhusa ya kuitazama katiba nzima kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Hapa ndipo penye shida. Ikiwa mkutano wa namna hiyo hauwezi kuitishwa ila kwa idhini ya Baraza la Kutunga Sheria, basi wale ambao pengine ndio chanzo cha malalamiko ndio wanaoshika ufunguo. Ni vigumu mtu kumkabidhi jirani shoka la kuukata mti alioukalia mwenyewe. Kwa sababu hiyo majimbo 14 yameandika ndani ya katiba zao kwamba swali la kuitisha mkutano lipelekwe kwa wananchi kwa ratiba, watawala wapende wasipende. Katika Alaska, Hawaii, Iowa, New Hampshire na Rhode Island swali huulizwa kila baada ya miaka 10. Michigan huuliza kila baada ya miaka 16. Connecticut, Illinois, Maryland, Missouri, Montana, New York, Ohio na Oklahoma huuliza kila baada ya miaka 20.

Kwa kawaida kazi hiyo hupitia kura tatu. Kwa kura ya kwanza wananchi huamua iwapo mkutano ufanyike. Wakikubali, kwa kura ya pili huwachagua wajumbe. Wajumbe wakisha kumaliza kazi yao, maandishi yao hurudishwa kwa wananchi, nao kwa kura ya tatu huyapokea au huyatupa. Basi mwananchi hushika mlango, huchagua fundi, kisha huikagua kazi.

JIMBO LENYE MAGAVANA WAWILI

Ili tufahamu kwa nini watu walijisumbua kuweka utaratibu huo, turudi Rhode Island.

Mwaka 1663 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza aliwapa walowezi wa huko hati ya utawala. Marekani ilipojitangazia uhuru mwaka 1776 majimbo mengi yaliandika katiba mpya, bali Rhode Island iliendelea kutawaliwa kwa hati ile ile ya mfalme. Aliyekuwa na haki ya kupiga kura ni mwanamume mwenye ardhi ya thamani ya dola 134, pamoja na mwanawe mkubwa. Zamani, wakati karibu kila mtu alikuwa mkulima, sharti hilo halikuwaumiza wengi. Lakini viwanda vya pamba vilipoenea, mji wa Providence na vitongoji vyake vilijaa wafanyakazi wasiomiliki hata kipande cha kiwanja. Walilipa kodi na walitumikia mgambo, lakini hawakuwa na kura. Tena mgawanyo wa viti uliwekwa na ile hati ya kale: Newport wajumbe 6, Providence wajumbe 4, ingawa Providence ulikwisha kuupita Newport kwa watu na kwa mali.

Ubaya uliopita wote ni kwamba hati ile haikuwa na kifungu hata kimoja kilichoeleza jinsi ya kuibadilisha. Ilikuwa nyumba isiyo na mlango. Waliokuwa ndani hawakutaka kutoka, na waliokuwa nje hawakuwa na pa kuingilia. Maombi yalipelekwa mbele ya Baraza mara nyingi, na mara nyingi yakawekwa kando.

Mwishowe waliokuwa nje wakaamua kujijengea mlango. Mwezi Oktoba 1841, bila idhini ya Baraza, walifanya mkutano wao wa katiba, na mwezi Desemba wakaipigia kura katiba yao. Karibu watu 14,000 waliikubali. Wapinzani wao wengi hawakushiriki, kwa kuwa waliihesabu kura hiyo kuwa batili. Yafaa pia isemwe kuwa katiba hiyo iliyoitwa ya wananchi iliwapa kura wanaume weupe tu. Watu weusi wa Rhode Island waliachwa nje yake, na wengi wao wakasimama upande wa serikali ya zamani.

Mwezi Aprili 1842 zikafanyika chaguzi mbili katika jimbo moja. Wafuasi wa katiba mpya walimchagua Thomas Wilson Dorr, mwanasheria wa Providence, kuwa Gavana. Wafuasi wa hati ya mfalme walimchagua tena Samuel Ward King. Mwanzoni mwa Mei kila mmoja aliapishwa kwa nafasi yake. Jimbo likawa na magavana wawili, mabaraza mawili na amri mbili. Dorr alikwenda Washington kutafuta msaada, lakini Rais John Tyler hakumkubalia.

Tuwafikirie askari wa mgambo katika siku zile. Kila mmoja wao alikuwa na bunduki na kiapo. Afisa mmoja anamwambia: Gavana ni King, ukimfuata Dorr umeasi. Jirani yake anamwambia: wananchi wamekwisha kupiga kura, Gavana ni Dorr, ukimfuata King unatumikia serikali iliyokufa. Katika vyuo vya maofisa tunafundishwa kusoma ramani, kupanga ulinzi na kutoa amri iliyo wazi. Hakuna somo linalomwezesha koplo aliye zamu kuamua usiku wa manane ni serikali ipi iliyo halali.

MIZINGA ILIYOKATAA KULIPUKA

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Mei 1842 Dorr aliongoza watu zaidi ya 200 wenye silaha, pamoja na mizinga miwili, kwenda kuliteka ghala la silaha la Providence. Miongoni mwa waliolilinda ghala hilo alikuwamo baba yake mzazi, na mjomba wake pia. Walipotakiwa kusalimu amri walikataa. Mizinga ikawashwa. Moto ukamweka juu ya tundu la baruti, lakini mizinga haikulipuka. Walijaribu tena, haikulipuka. Kulipopambazuka wengi wa wafuasi wa Dorr walikuwa wamekwisha kutawanyika, naye akakimbia jimbo.

Mwezi Juni alirudi, na watu wake wakakusanyika katika kijiji cha Chepachet. Serikali ya King ilitangaza utawala wa kijeshi na kupeleka askari wengi, na wafuasi wa Dorr wakatawanyika kabla ya mapambano. Mwaka 1844 Dorr alihukumiwa kifungo cha maisha cha kazi ngumu kwa kosa la uhaini dhidi ya jimbo. Aliachiliwa mwaka 1845, akafariki mwaka 1854.

Kisa cha askari mmoja wa mgambo katika msukosuko huo chatuhusu sana sisi. Jina lake lilikuwa Luther Borden. Wakati wa utawala wa kijeshi, yeye na wenzake walitumwa kumkamata mfuasi wa Dorr aitwaye Martin Luther, katika mji wa Warren. Walivunja nyumba yake, wakaingia na kupekua. Martin Luther akawashtaki. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuifahamu na nzito kuijibu: serikali ya hati ya mfalme ilikwisha kuondolewa na wananchi kwa kura ya Desemba 1841. Kwa hiyo haikuwa na uwezo wa kutangaza utawala wa kijeshi wala kumtuma mtu yeyote. Basi Borden hakuwa askari kazini, bali mvunja nyumba. Borden naye alijibu kwamba alitii amri ya wakuu wake wa serikali halali.

Kesi hiyo ilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ikaamuliwa mwaka 1849. Jaji Mkuu Roger Taney alieleza kwamba kuamua serikali ipi ya jimbo ni halali si kazi ya mahakama. Kazi hiyo ni ya vyombo vya kisiasa, yaani Kongresi na Rais, na Rais alikuwa amekwisha kuitambua serikali ya King. Borden akashinda. Hata hivyo, tangu kuivunja nyumba ile hadi kupata jibu ilipita miaka karibu saba, na hata majaji wakubwa wa nchi walisema swali lenyewe haliwahusu wao. Ikiwa jaji aliyezungukwa na vitabu hulikwepa swali hilo, askari aliyesimama mlangoni mwa mtu na bunduki mkononi atalijibuje?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Serikali ya Rhode Island ilikuja kuukubali ukweli huo. Mkutano mwingine wa katiba ulifanyika mwishoni mwa mwaka 1842, na katiba mpya ikaanza kutumika Mei 1843. Ilipanua haki ya kupiga kura, na wanaume weusi waliipata. Mengi ambayo Dorr aliyataka yalikuja kupatikana. Jambo la kusikitisha ni kwamba yalitangulia mizinga, magereza na nyumba zilizovunjwa, ilhali yangaliweza kupatikana kwa karatasi ya kura.

SWALI LA RATIBA

Fikira ya kuwauliza wananchi kwa ratiba ilikuwako hata kabla ya misukosuko hiyo. Katiba ya New Hampshire ya mwaka 1792 iliagiza wapiga kura waulizwe kila baada ya miaka 7 kama wanaona haja ya kuirekebisha. Baadaye muda huo ulirefushwa hadi miaka 10. Thomas Jefferson, aliyekuwa Rais wa tatu wa Marekani, aliandika katika barua ya mwaka 1816 kwamba kila kizazi kina haki ya kujichagulia utawala wake, akapendekeza katiba ipitiwe kila baada ya miaka 19 au 20. New York iliiweka fikira hiyo katika katiba yake ya mwaka 1846: wananchi waulizwe mwaka 1866, kisha kila baada ya miaka 20.

Rhode Island yenyewe ilichelewa. Mwaka 1883 majaji wake walitoa rai kuwa Baraza halina uwezo wa kuitisha mkutano wa katiba, kwa kuwa katiba haikuitaja njia hiyo. Rai hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1935. Hatimaye, mwaka 1973, jimbo lililowahi kuwa na magavana wawili liliandika ndani ya katiba yake kwamba wananchi wasikose kuulizwa kwa miaka zaidi ya 10. Mwaka 1984 waliulizwa, wakajibu Ndiyo. Wajumbe 100 walikutana, na mwezi Novemba 1986 mapendekezo 14 yaliletwa mbele ya wapiga kura. Walikubali 8, wakakataa 6. Hakuna aliyeliendea ghala la silaha.

MITEGO NJIANI

Tusije tukadhani kuwa desturi hii haina dosari. Kuuliza ni jambo moja, na kulitii jibu ni jambo jingine.

Mwaka 1886 wananchi wa New York walijibu Ndiyo kwa kura nyingi mno. Lakini Gavana na Baraza wakabishana juu ya namna ya kuwapata wajumbe, na mkutano haukukaa mpaka mwaka 1894. Wajumbe wa mwaka huo, baada ya kuona jinsi wananchi walivyokawilishwa, waliweka ndani ya katiba tarehe na utaratibu wote. Kwa kanuni zinazotumika sasa, wananchi wakisema Ndiyo, wajumbe 3 huchaguliwa katika kila wilaya ya Seneti, na wengine 15 huchaguliwa na jimbo zima. Mkutano hufunguliwa Jumanne ya kwanza ya Aprili inayofuata. Baraza halina pa kuchelewesha.

Maryland haikuwa na kinga kama hiyo. Mwaka 1950 waliosema Ndiyo waliwazidi sana waliosema Hapana. Lakini wengi waliofika kituoni siku hiyo hawakulijibu swali hilo hata kidogo, na katiba ilidai wingi wa wote waliopiga kura katika uchaguzi ule. Baraza halikuitisha mkutano.

Hawaii ilikumbwa na jambo la namna hiyo mwaka 1996. Waliosema Ndiyo walikuwa 163,869, na waliosema Hapana 160,153. Lakini karatasi zaidi ya 45,000 ziliachwa wazi mahali pa swali hilo. Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kuwa karatasi zilizoachwa wazi nazo zihesabiwe katika jumla, na kwa hesabu hiyo Ndiyo haikufika nusu. Mkutano ukakosekana. Swali liliulizwa tena mwaka 1998, na safari hiyo Hapana ikashinda waziwazi.

Alaska nayo ilijikwaa katika maneno. Mwaka 1970 swali kwenye karatasi ya kura lilianza kwa kutaja kuwa katiba ya jimbo inaagiza hivyo, ndipo likauliza kama mkutano uwepo. Msomaji wa haraka angeweza kufahamu kuwa mkutano wenyewe ndio ulioagizwa, kumbe kilichoagizwa ni kuuliza tu. Ndiyo ilishinda kwa kura chache. Mahakama ikaona wananchi walipotoshwa, ikaamuru swali liulizwe upya kwa maneno yaliyo sawa. Mwaka 1972 wananchi walijibu Hapana.

Askari ataufahamu upesi uzito wa mambo haya. Amri isiyo wazi huzaa hasara hata ikiwa imetolewa kwa nia njema. Kadhalika swali lisilo wazi, na hesabu ya kura isiyotangazwa mapema, huzaa manung'uniko hata pale ambapo hakuna aliyeiba kura.

POLISI NA PENSHENI ZAO

Yako pia mambo yanayowagusa watumishi wenye sare mfukoni mwao. Mwaka 2017 wananchi wa New York waliulizwa kwa zamu yao ya kila miaka 20. Vyama vya wafanyakazi vilijitokeza kwa nguvu kulipinga jambo hilo, na vyama vya polisi na vya wazima moto vilikuwa miongoni mwao. Sababu yao kubwa ilikuwa pensheni. Katiba ya New York inasema kwamba haki za pensheni za watumishi wa umma ni mkataba usioweza kupunguzwa. Waliogopa kwamba katiba ikifunguliwa yote, mtu aweza kukifuta kifungu hicho, na mzee aliyelinda mitaa kwa miaka 25 akajikuta hana uhakika wa uzee wake. Hapana ilishinda kwa takriban asilimia 83.

Hofu yao haikuwa ya kipumbavu. Mkutano wa katiba una ruhusa ya kugusa kila kifungu, kizuri na kibaya. Ni sawa na kuichokoza mizinga ya nyuki: yupo apataye asali, yupo aumwaye. Gharama nazo zipo, na wapo wanaouliza ina faida gani kuchagua wajumbe ikiwa watakaochaguliwa ni wanasiasa wale wale wa kila siku.

Lakini upande wa pili nao ulikuwa na hoja ambayo si haki kuificha. Kifungu kile kile cha pensheni kilizaliwa katika mkutano wa katiba wa mwaka 1938. Mkutano huo uliitishwa kwa sababu wananchi walisema Ndiyo mwaka 1936, wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Lau wapiga kura wa mwaka 1936 wangalikataa kwa hofu, huenda polisi wa mwaka 2017 wasingalikuwa na ngao ya kuililia. Na tena, hata mkutano ukikosea, kura ya tatu ipo. Mwaka 1967 New York ilifanya mkutano mwingine, uliotokana na swali la nje ya ratiba lililoletwa na Baraza mwaka 1965. Wajumbe walileta katiba nzima iliyofungwa katika furushi moja, na wananchi wakalikataa furushi lote. Jambo likaishia hapo. Hata Gavana hakuwa na amri ya kuwapinga.

HAPANA NAYO NI JIBU

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa watu hukataa, swali hili lina maana gani? Ni kweli hukataa mara nyingi. Baada ya mkutano uliotokana na Ndiyo ya Rhode Island ya mwaka 1984, hadi kufikia mwaka 2024 hakuna mkutano mwingine uliofanyika kwa njia ya swali la ratiba. Mwaka 2022 Alaska ilikataa kwa takriban asilimia 70, na Missouri na New Hampshire zikakataa vile vile. Mwaka 2024 Rhode Island yenyewe ilikataa. Michigan ilikataa mwaka 1978, 1994 na 2010, na zamu iliyofuata ikaangukia mwaka 2026.

Sisi twaona kuwa Hapana ya wananchi walioulizwa ni kitu tofauti kabisa na ukimya wa wananchi ambao hawajaulizwa. Aliyeulizwa akakataa amejifunga mwenyewe. Hawezi kesho kusema kuwa serikali ilimfungia mlango, na hata akilalamika, anajua ni mwaka gani ataulizwa tena. Aliyenyimwa swali hana tarehe ya kungojea, na asiye na tarehe ya kungojea hutafuta njia nyingine. Dorr na wenzake walitafuta njia nyingine.

Isitoshe, ziko nyakati Ndiyo ilipoleta matunda makubwa. Wananchi wa Hawaii walikubali mwaka 1976, na mkutano wa mwaka 1978 uliokuwa na wajumbe 102 uliunda Ofisi ya Mambo ya Wahawaii, ukaifanya lugha ya Kihawaii kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kuweka kikomo cha vipindi viwili mfululizo kwa Gavana. Huko Montana, wajumbe 100 wa mkutano wa mwaka 1972 waliketi kwa kufuata herufi za majina yao, si kwa vyama, ili mtu azungumze na aliye kando yake kama mjumbe wa jimbo zima. Katiba yao ilipita kwa tofauti ya kura 2,532 tu. Mabishano yaliyofuata yalikwenda mahakamani, yakaamuliwa huko, na walioshindwa wakatii.

SOMO KWETU

Hapa Uganda hatuna desturi ya kuulizwa kwa ratiba, ingawa Katiba yetu inataka kura ya maoni kabla ya baadhi ya vifungu vyake vikuu kuguswa. Lakini tunajua ilivyo pale katiba inapobadilishwa bila mwenye mali kuulizwa. Tarehe 15 Aprili 1966 wabunge walipitisha katiba ambayo hawakuwa wameisoma, wakaambiwa wataikuta katika visanduku vyao vya barua. Tarehe 24 Mei mwaka huo askari waliamriwa kulivamia kasri la Kabaka huko Mengo. Swali la katiba lilikuwa limekabidhiwa kwa bunduki tena. Katiba ya mwaka 1995 ilipita njia nyingine: tume ya Jaji Benjamin Odoki ilizunguka kuwasikiliza wananchi, wajumbe walichaguliwa tarehe 28 Machi 1994, na jeshi likawa na viti 10 katika kikao hicho. Kifungu cha 208 kinasema majeshi yasipendelee chama, yawe ya taifa zima, yenye uzalendo, ustadi, nidhamu na uzalishaji, na yawe chini ya mamlaka ya kiraia.

Maneno hayo ya mwisho ni rahisi kuyatii pale mamlaka ya kiraia inapojulikana. Huwa mazito kama jiwe pale inapobishaniwa. Ndiyo sababu askari na polisi, kuliko watu wengine wote, wana haja ya kuona milango ya katiba iko wazi, inafahamika, na ufunguo wake uko mikononi mwa wananchi. Siku ya kura kazi yetu ni kulinda kituo, kulinda sanduku na kumlinda anayekwenda kupiga kura, awe wa Ndiyo au wa Hapana. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyika, na katika ugomvi wa katiba nyika ni raia. Anayetumwa kuwakanyaga ni askari. Luther Borden alisubiri miaka karibu saba kuambiwa kuwa alikuwa askari na si mvunja nyumba. Mlinzi wa kituo cha kura cha Rhode Island mwaka 1984 hakuwa na haja ya kusubiri hata usiku mmoja. Kura zilihesabiwa, jibu likatangazwa, naye akarudi kwake akiwa na kiapo kimoja na mkuu mmoja.